Kuhakiki vifaa vya kupima mwendo vya mkononi: tuvilinganishe na kipimo gani?

MtafitiMoro
Ndugu wanajukwaa, naandaa utafiti wa kuhakiki kifaa cha kupima mwendo kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, miongoni mwa wakulima wa jembe la mkono. Nataka kujua kama kinatofautisha kazi nyepesi, za wastani na nzito. Kipimo cha kukilinganisha nacho kinaweza kuwa kifaa cha aina hiyo hiyo kilichofungwa kiunoni, maji yenye alama ya isotopu (maji maalumu anayokunywa mshiriki, kisha mkojo wake hupimwa), au mashine ya kuchanganua hewa ya pumzi. Cha kiunoni ndicho nafuu. Naomba ushauri.

MwanaFiziolojia
Ndugu yangu, cha kiunoni usikifanye kipimo cha marejeo, kwa sababu nacho hupima mtikisiko, si nguvu inayotumika. Mfikirie mama anayepanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani: mkono mmoja umeishika ndoo na karibu hautikisiki, kiuno kinaonyesha mwendo wa taratibu, ilhali moyo na mapafu vinafanya kazi kubwa. Vifaa vyote viwili vitaafikiana kwamba kazi ni nyepesi, na vyote vitakuwa vimekosea.

Maji ya isotopu hupima vizuri sana jumla ya nishati iliyotumika kwa wiki moja au mbili, lakini hayawezi kukueleza ni dakika zipi zilikuwa za kazi nzito. Kwa swali lako inabaki hewa ya pumzi, kwa mashine ya kubebwa mgongoni, washiriki wakilima, wakitwanga na wakibeba maji kama wafanyavyo siku zote. Mpime kila mmoja akiwa amepumzika pia. MET 1, yaani kipimo cha nishati ya mtu aliyepumzika, huhesabiwa kuwa mililita 3.5 za oksijeni kwa kilo kwa dakika, lakini hicho ni kiwango cha makubaliano, na watu wengi hutumia pungufu wakiwa wamepumzika.

NesiWaKata
Nakubaliana na MwanaFiziolojia kuhusu kipimo cha marejeo, ila naomba niutetee mkono kama mahali pa kuvalia. Utafiti wa afya na lishe wa Marekani, NHANES, ulitumia kiuno mwaka 2003 hadi 2006, kisha ukahamia mkononi mwaka 2011, kwa kuwa watu walikuwa wakivua mkanda na siku nyingi zikakosa takwimu. Kwa mama aliyejifunga kanga na mtoto mgongoni, mkanda wa kiunoni ni kero ya kutwa nzima. Hofu yangu ni kukuna nazi: mtu ameketi kwenye mbuzi, mwili umetulia, lakini kifundo cha mkono kinazunguka bila kukoma, na kifaa kinaweza kumhesabia kazi ya wastani.

TakwimuSafi
Ndiyo maana ni hatari kuazima kwenye tafiti nyingine mipaka ya kutenganisha kazi nyepesi, za wastani na nzito. Ule wa hesabu 1,952 za mtikisiko kwa dakika kama mwanzo wa kazi ya wastani, uliotoka mwaka 1998, ulipatikana kwa watu wazima waliotembea na kukimbia kwenye mashine ya mazoezi wakiwa wamevaa kifaa kiunoni, kwa hiyo hauhamishiki mkononi. Kwa mkono hutajwa mara nyingi takriban moja ya kumi ya mvuto wa dunia kama mwanzo wa kazi ya wastani, nayo ijaribiwe kwenye jembe kabla ya kuaminiwa.

Usitosheke na uwiano mkubwa (vipimo viwili kupanda na kushuka pamoja), kwani kifaa kinachopunguza kila kipimo kwa nusu kinaweza kuwa na uwiano kamili. Tumia mchoro wa Bland na Altman, unaoonyesha tofauti kati ya vipimo viwili, kisha utoe matokeo kwa kila kazi pekee. Mipaka mipya uipime kwa watu ambao hawakutumika kuitengeneza.

MtafitiMoro
Ahsanteni sana, nitatumia hewa ya pumzi hata kama washiriki watapungua, na kukuna nazi kutakuwemo. Je, nivalishe mkono upi?

TakwimuSafi
NHANES walivalisha mkono usiotumika sana, ilhali UK Biobank, utafiti mkubwa wa afya wa Uingereza, waliopima watu zaidi ya 100,000 kati ya 2013 na 2015, walivalisha unaotumika zaidi. Mwenye jembe hutumia yote miwili kwa namna tofauti, kwa hiyo valisha yote miwili na uichambue kila mmoja peke yake.