LVGL: mradi mmoja ukimbie kwenye PC na kwenye ESP32, mnapangaje folda?

mizani_tz
Wakuu habari zenu. Natengeneza skrini ya mizani ya kupimia maziwa pale wafugaji wanapoleta, ni ESP32 ya kawaida (bodi ndogo yenye chipu ya kuprogramu), skrini ILI9341 ya 320 kwa 240, uzito unatoka kwenye HX711 (chipu ya kusoma sensa ya mizani), na UI, yaani muonekano wa skrini, natumia LVGL 9 (maktaba ya kodi ya kuchora batani na maandishi). Sasa kila nikisogeza batani kidogo au nikibadili rangi inabidi nikompaili na kufleshi upya ndo nione imekaaje, kazi haiendi. Najua LVGL inafunguka kwenye dirisha la kompyuta kwa kutumia SDL (maktaba ya kufungua madirisha na kupokea mausi), mi niko Ubuntu, ila sitaki miradi miwili halafu kila siku nakopi mafaili huku na kule. Nyie mnafanyaje?

fundi_saketi
Mkuu hapo umewaza vizuri, miradi miwili ikishaanza kupishana kuipatanisha ni kazi. Weka folda tatu: ui, pc na esp32. Kwenye ui kaa na kila kinachoonekana, skrini, staili, fonti, na sheria iwe moja tu, humo hauingii hata mstari mmoja wa esp_ wala FreeRTOS (mambo ya bodi) wala SDL, ni lvgl.h na heda yako moja (faili la kutangaza funksheni), tuseme vifaa.h. Hiyo heda inatangaza tu unachohitaji toka nje, mfano float soma_uzito(void). Folda ya esp32 inaiandika ikisoma HX711 kweli, ya pc inaiandika ikirudisha namba za kubuni, mi huwa naipandisha taratibu kama mtu anamimina kwenye ndoo halafu inatulia, na mara nyingine narudisha namba hasi makusudi nione UI inasemaje ndoo ikiondolewa.

main ya pc ni fupi: lv_init, lv_sdl_window_create(320, 240), lv_sdl_mouse_create, unaita ui_anza() yako, kisha lupu ya lv_timer_handler na kupumzika milisekunde chache. Weka libsdl2-dev kwanza, na kwenye lv_conf.h washa LV_USE_SDL. Ukishakopi lv_conf_template.h kuwa lv_conf.h ile #if 0 ya juu ifanye 1, bila hivyo faili zima linarukwa.

CMakeLists ya ui (faili la maelekezo ya kukompaili) ni moja, ndani yake unauliza if(ESP_PLATFORM), ikiwa ndiyo unatumia idf_component_register, ikiwa siyo add_library ya kawaida. Mradi wa esp32 unaionyesha hiyo folda kwa EXTRA_COMPONENT_DIRS, basi, hakuna cha kukopi.

dada_wa_bodi
Naongezea kwa fundi. Kwenye ESP-IDF (zana za kukompaili za ESP32) mipangilio ya LVGL kwa kawaida inatoka menuconfig (menyu yake ya mipangilio), sio ile lv_conf.h ya PC, kwahiyo ukiwasha fonti ya Montserrat 28 upande mmoja tu, upande wa pili kompaila itakwambia haimjui huyo lv_font_montserrat_28. Kila unachobadili badili pande zote mbili, hasa LV_COLOR_DEPTH (biti za rangi kwa pikseli, iwe 16) na LV_MEM_SIZE (memori ya LVGL). Hii ya pili nasisitiza kabisa, usijipe megabaiti kwenye PC kisa zipo, weka ileile ya bodi ili memori ikiisha iishie mezani kwako, sio asubuhi foleni ya wafugaji ikiwa mlangoni.

Na spidi ya PC usiiamini. Skrini yako nzima ni baiti 153,600, SPI (nyaya za kutuma data kwenye skrini) ikiwa 40 MHz kuituma tu ni kama milisekunde 31, yaani hata ufanyeje skrini nzima haizidi fremu 32 kwa sekunde. Animesheni za kuslaidi skrini nzima achana nazo, badilisha namba ya uzito tu. Bafa (memori ya kuchorea kabla ya kutuma) ya sehemu moja ya kumi ya skrini inatosha, baiti 15,360, na kwenye LVGL 9 lv_display_set_buffers inataka saizi kwa baiti, mifano mingi ya zamani ya 8 inahesabu pikseli.

mizani_tz
Asanteni sana, dirisha limefunguka na UI yote iko poa. Ila kwenye bodi UI ileile rangi zimevurugika, nyeupe na nyeusi ziko sawa, batani nyekundu inatoka bluu. Nibadilishe rangi kwenye ui?

fundi_saketi
Hapana ui usiiguse, kwenye PC iko sahihi. Paka skrini nzima kijani halafu angalia. Ikibaki kijani basi ni mpangilio wa RGB na BGR, unarekebisha kwenye draiva ya paneli. Kijani ikitoka kama nyekundu iliyoingia zambarau basi baiti mbili za kila pikseli zimegeuzwa, hapo ndani ya flush_cb ya esp32 (funksheni yako inayotuma picha kwenye skrini) ita lv_draw_sw_rgb565_swap kabla ya kutuma. Na kama unatuma kwa DMA (data inajituma yenyewe bila prosesa kusubiri), lv_display_flush_ready iite pale utumaji unapoisha, sio mara tu ukishauanzisha, maana LVGL itaanza kuchora juu ya bafa ambayo bado inasomwa.

mizani_tz
Ni baiti, kijani imetoka nyekundu-zambarau, na swap imemaliza. Kimebaki kimoja, lebo ya "Maziwa ya ng’ombe" inatoa kiboksi katikati, PC na bodi kote.

dada_wa_bodi
Hayo maandishi umeyakopi toka Word au simu eeh? Hiyo alama ni ile iliyopinda, fonti za LVGL zinazokuja nayo hazina. Ifute uandike ' ya kibodi ya kawaida, hiyo ipo.