GitHub Actions, GitLab au Jenkins? Bosi anataka jibu Jumatatu

Fundi_Bomba:
Wakuu habari za jioni. Mpaka leo mfumo wetu tunaupandisha kwa mkono: mtu anaingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH, anavuta kodi mpya (msimbo wa programu), anaomba Mungu. Bosi amechoka. Anataka tukisukuma kodi, majaribio yajiendeshe na mfumo upande wenyewe. Nimebaki na zana tatu hizo za kazi hiyo. Ipi bora?

Kamba_Nne:
Bora kwa nani? Hujasema lugha, hujasema mko wangapi, hujasema seva ina nguvu kiasi gani. Huo ni ushonaji bila vipimo.

Bi_Terminali:
Na ripo (ghala la kodi yenu) ni ya wazi au ya siri? Actions kwa ripo ya wazi ni bure. Ya siri kwenye akaunti ya bure unapewa dakika 2,000 za mashine zao kwa mwezi, GitLab wanakupa 400. Majaribio yakichukua dakika 10 na mkasukuma mara 10 kwa siku, hizo 400 zimeisha siku ya nne.

Pwani_Dev:
Jenkins tu. Jina hilo lipo tangu 2011 ilipojitenga na Hudson, plagini (viongezo) kibao, na hakuna wa kukuhesabia dakika. Seva yako, sheria zako.

Mzee_wa_Logi:
Pwani, hiyo "seva yako" ndiyo iliyonitoa kwenye Jenkins. Kampuni niliyokuwepo zamani iliiweka kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya mhasibu. Siku moja umeme ukakatika rsync (ya kunakili mafaili kwenda seva) ikiwa nusu. Mabadiliko ya hifadhidata yalikuwa yameshapita, safu wima moja ya jedwali imefutwa. Kwa hiyo kwenye seva ya mteja kuna hifadhidata mpya, mafaili nusu mapya nusu ya zamani, na kodi ya zamani inaulizia safu isiyokuwepo. Mteja ni duka la jumla, mwisho wa mwezi, ankara hazitoki. Umeme unarudi, Jenkins inagoma kuwaka: diski imejaa bildi (matoleo yaliyojengwa) za zamani ambazo hakuna aliyewahi kuzifuta. Nywila ya msimamizi anayo jamaa aliyeshaacha kazi, na simu hapokei. Tulirudisha faili kwa faili usiku kucha.

Pwani_Dev:
Sasa hapo kosa la Jenkins ni lipi? Hata Actions, rana (mashine inayoendesha kazi) ikifa katikati, rsync inakatika vilevile. Toleo jipya liweke kwenye folda yake, likikamilika ndipo ugeuze simlinki (kiungo kinachoonyesha folda inayotumika). Na safu haifutwi siku hiyohiyo, unaacha toleo moja lipite kwanza.

Mzee_wa_Logi:
Hilo nakubali. La diski na nywila hujajibu.

Fundi_Bomba:
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. Ni Laravel (ya PHP), tuko watatu, ripo ya siri na tayari iko GitHub. Seva ni VPS (seva pepe ya kukodi) ya RAM 1GB.

Kamba_Nne:
RAM 1GB na Jenkins umeiweka kwenye orodha? Java inayoiendesha Jenkins itaimaliza kabla hifadhidata ya MySQL haijaamka. Tumia Actions, ukalale.

Bi_Terminali:
Asilale sana. Machi 2025 akshoni moja ya watu (kipande cha kodi cha kuchomeka kwenye Actions), tj-actions/changed-files, ilichezewa: tagi zake (majina ya matoleo) zikaelekezwa kwenye komiti (badiliko la kodi) yenye sumu, siri (nywila na funguo) zikamwagwa kwenye logi za ripo zilizoitumia. Akshoni za nje zifunge kwa SHA ya komiti (utambulisho wake usiobadilika), usiamini tagi. Na ufunguo wa SSH wa kupandishia usiwe wa root (mwenye mamlaka yote).

Zuhura_QA:
Nauliza tu, hayo majaribio yapo?

Fundi_Bomba:
Yapo mawili. Yale yanayokuja na Laravel yenyewe 😅

Zuhura_QA:
Kwa hiyo mnataka makosa yafike kwa mteja haraka zaidi.

Pwani_Dev:
Dada, hata hivyo kuna faida. Imeji ya Docker (kifurushi cha programu na mahitaji yake) inajengwa hukohuko kwao, bando lako linapona. Kusukuma MB 800 kwa hotspoti ya simu si mchezo.

Kamba_Nne:
Bando gani unatumia wewe? Mimi la usiku ndilo linaniokoa.

Mpita_Njia:
Wakuu naomba kuingilia. Mimi nina programu ya simu ya Flutter, nataka ijisaini yenyewe kabla ya kwenda Play Store. Faili la ufunguo naliweka wapi?

Bi_Terminali:
Fungua uzi wako mkuu. Ila kwa haraka: ligeuze base64 (liwe maandishi), liweke kwenye siri za ripo, lisiingie kamwe kwenye Git. Umejiunga na Play App Signing?

Mpita_Njia:
Ndiyo nini hiyo?