Mtoto wiki 3, mdomo wa juu umeshikana na fizi, nimkate?

mamaK: Jamani habari, mwanangu akinyonya anaachia achia ziwa, anatoa milio kama ta ta ta na chuchu zangu zimechanika hadi damu. Nimemfunua mdomo wa juu nikaona kinyama kimeshuka mpaka kwenye fizi. Bibi yake anasema ni kimeo akakatwe kwa mzee, naogopa

dada_wa_leba: Hongera ya mtoto kwanza. USIMPELEKE kwa mzee tafadhali!! Kimeo kiko kule nyuma kooni, hakihusiani kabisa na huo mdomo, na watoto wanavuja damu au wanapata maambukizi mpaka wanafariki. Hicho kinyama cha juu karibu kila mtoto anacho, na akikua kinapanda chenyewe. Mimi ningeangalia chini ya ulimi, akilia ulimi haunyanyuki au ncha inakuwa kama kopa? Huo ni udata, ndo unaosumbuaga kunyonya

mamaK: Ulimi anatoa vizuri tu

baba_mapacha: Wetu shida ilikuwa pakato tu, yaani jinsi ya kumshika na kumwekea ziwa mdomoni. Nesi alituonyesha kidevu kiguse ziwa, mdomo uachame aingize na weusi sio chuchu peke yake, na ule mdomo unaukunjua nje kwa kidole, siku 3 maumivu yakaisha

dada_wa_leba: Eeh. Uzito je? Wiki 2 anatakiwa awe amerudisha wa kuzaliwa, na mkojo mara 6 kwa siku. Kama bado nenda kliniki kesho

mamaK: Mkojo anakojoa sana, kadi naangalia sasa hivi