Mrejesho: mistari inayochongoka kwenye Inkscape

Habari zenu wakuu. Wiki jana niliuliza nitapataje, kwenye Inkscape (programu ya kuchora kwa kompyuta), mstari unaoanza mnene na kuishia ncha kama mwiba, kwa ajili ya mkia wa jogoo kwenye stika ya matatu. Imekubali!

Ndugu aliyeniambia niache kuunga pembetatu moja moja, asante sana. Nilichora mstari uliopinda, nikafungua Path Effects (sehemu ya madoido ya mistari), nikaongeza Power Stroke, ile inayobadili unene wa mstari. Vikatokea vishikio vidogo juu ya mstari. Nikavuta cha mwisho mpaka kikalala juu ya mstari wenyewe, na unyoya ukachongoka palepale, laini kabisa. Ukitaka kishikio kingine, shika Ctrl ubofye kilichopo.

Shida ilikuja River Road, Nairobi, kwenye mashine ya kukata vinyl (plastiki ya stika): kisu kilipita kila mahali manyoya yalipopishana, mita nzima ikaharibika. Iliniuma. Nikarudi nyumbani, nikachagua yote, nikabonyeza Shift+Ctrl+C yawe maumbo ya kawaida, kisha Union (amri ya kuunganisha maumbo) yawe kitu kimoja. Nakala ya kwanza nimeihifadhi kando, maana ukishageuza, vile vishikio havipo tena.

Jogoo amebandikwa jana jioni, mkia umefika hadi taa ya nyuma.