MREJESHO: Mama na watoto launji kabla ya ndege

Ndugu zangu, niliuliza humu kama inafaa kulipia launji (ukumbi wa kupumzikia abiria uwanjani) Dar nikiwa na mama na watoto wawili, tukitoka Mbeya kuunganisha ndege ya nje. Mlinishauri nipige simu kwanza, niulize kadi yangu ya benki inaingiza watu wangapi. Asanteni sana. Iliniingiza mimi tu. Mama na mkubwa niliwalipia, mdogo wa mwaka mmoja akapita bure.

Tuliruka kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, mchana, na Dar tulikuwa na saa tano za kusubiri. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Mle ndani alipata kochi, akanyoosha miguu, akanywa chai ya maziwa, kisha akalala kabisa. Mama huyu alitusomesha kwa kuchuma chai Tukuyu. Kumwona amelala vile, machozi yalinilenga. Hela ile siijutii hata kidogo.

Ila asali yake ya lita moja, aliyombebea wifi yangu toka Rungwe, ilibaki kwenye ukaguzi. Ndege za nje, kimiminika cha mkononi mwisho mililita 100 kwa chupa. Jamani, iwekeni kwenye begi kubwa. Imemuuma sana.