Naomba ushauri: franchaizi ya kuku Utawala, niingize pesa zangu au niachane nayo?

MamaPacha

Habari za jioni ndugu zangu. Nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Nimefanya kazi miaka 14 kwenye kampuni moja pale Industrial Area. Mwezi wa pili tukapunguzwa. Baada ya makato yote nimebaki na milioni 3.9, na sina mpango wa kurudi kuandikwa na mtu. Mzee wa nyumba anataka tununue matatu ya viti 14. Mimi habari za makanga na askari wa trafiki sitaki hata kuzisikia.

Kuna chapa moja ya kuku wa kukaanga, sitaitaja, ina matawi kumi na kitu hapa Nairobi. Wanatafuta mtu wa kufungua tawi Utawala kwa pesa zake, kwa jina lao, ndiyo hiyo franchaizi. Ada ya kuingia ni 650,000. Kupanga jiko, mashine, rangi zao na bango ni milioni 2.1. Halafu kila mwezi nawapa mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lao, wa asilimia 6 ya mauzo, na asilimia 2 nyingine ya mauzo kwa ajili ya matangazo. Kuku anakuja kwangu ameshatiwa viungo, na unga, sosi na vifungashio nanunua kwao tu. Mkataba ni wa miaka 3. Duka nimeshaliona karibu na steji ya Benedicta, kodi 110,000 kwa mwezi, na mwenye jumba anataka tuandikishane miaka 5 na miezi 3.

Wanasema tawi la kawaida linauza 40,000 kwa siku. Kijana wao wa mauzo ananipigia kila asubuhi, ana adabu kweli, anasema kuna mtu mwingine anaivizia Utawala kwa hiyo nilipe 200,000 ya kushika nafasi kabla ya Ijumaa.

Je, franchaizi inalipa kweli? Ama ni mimi kufanyia watu kazi kwa pesa zangu mwenyewe?

Kasuku_Mweupe

Mwambie mzee wa nyumba matatu nayo ni franchaizi, wenye mrabaha ni askari na wanaukusanya kila siku barabarani.

HesabuZaBuruburu

Dada MamaPacha, mimi ni mhasibu, nimeshika vitabu vya mikahawa mitatu. Chukua kalamu.

40,000 kwa siku ni 1,200,000 kwa mwezi. Ukiuza zaidi ya milioni 5 kwa mwaka lazima ujiandikishe VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na wewe utakuwa kwenye milioni 14. Chakula cha mkahawa kinatozwa asilimia 16, na bei ya kwenye ubao tayari ina hiyo kodi ndani. Kwa hiyo kwenye ile 1,200,000, pesa yako halisi ni kama 1,034,000. Iliyobaki unaishikia KRA, mamlaka ya mapato, tu.

Sasa toa. Kuku, viazi, mafuta na vifungashio, nimeweka asilimia 45 kwa sababu unalazimika kununua kwao: 465,000. Kodi ya duka 110,000. Wafanyakazi saba pamoja na NSSF na makato ya nyumba ya upande wa mwajiri: 165,000. Stima na gesi 60,000. Kamisheni za apu za kupeleka chakula, tuseme 25,000. Maji, mlinzi, leseni, matengenezo, intaneti: 35,000. Mrabaha na matangazo ni asilimia 8 ya 1,200,000, yaani 96,000.

Unabaki na 78,000.

Soma tena hapo kwenye mrabaha. Wao wanachukua 96,000, wewe 78,000, na pesa iliyojenga jiko ni yako. Mrabaha unakatwa kwenye mauzo, haujali kama umepata faida au hasara. Tena kama mkataba unasema mauzo yote bila kutoa VAT, unawalipa asilimia 8 hata juu ya pesa ya KRA. Hilo likatae kabisa. Likirekebishwa unaokoa zaidi ya 13,000 kila mwezi.

Jambo lingine ambalo kijana wa suti hatakuambia: umeweka 2,750,000 kwenye ada na jiko. Igawe kwa miezi 36 ya mkataba upate 76,000 na kitu kwa mwezi. Yaani kwa mauzo wanayokuahidi wao wenyewe, miaka mitatu yote unarudisha mtaji, na ukimaliza kuurudisha mkataba nao umekwisha. Mshahara wako wewe bado sijauweka popote.

Lakini nisikutishe upande mmoja tu. Kodi na mishahara haiongezeki mauzo yakipanda. Kila 1,000 unayoongeza kwa siku inakuachia karibu 12,000 kwa mwezi. Ukiuza 50,000 kwa siku unabaki na zaidi ya 190,000, hapo ni biashara. Ukiuza 36,000 unabaki na 31,000 hivi, hapo afadhali uajiriwe. Tofauti ya mtu anayejenga na mtu anayelia ni sahani thelathini hivi za chipsi kuku kwa siku.

Mkimbizi_wa_Thika_Road

Acha niseme yangu ingawa bado inaniuma.

Nilikuwa na franchaizi ya chakula, chapa nyingine, siitaji. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, watu walijaa kwa sababu ya jina. Mwaka wa pili wakafungua tawi lao wenyewe mita kama 800 kutoka kwangu, upande wa pili wa barabara kuu. Nikaenda na mkataba mkononi. Wakaniuliza, ni wapi tumeandika kwamba eneo hili ni lako peke yako? Kweli, hapakuwa mahali. Bei ya viungo vyao ikapandishwa awamu tatu ndani ya miezi kumi, nami siruhusiwi kununua kwingine. Mafuta ya kupikia yalipopanda niliomba nipandishe chipsi kwa shilingi 20. Jibu: bei ni moja Nairobi nzima.

Nilipofunga, mkataba ulinitaka ning'oe bango kwa gharama yangu ndani ya siku saba, na nisiuze kuku wa kukaanga mahali popote karibu kwa miezi 18. Mashine ya kukaangia niliyonunua 380,000 ilichukuliwa na jamaa wa Gikomba kwa 90,000, tena akalalamika imeshika mafuta. Nikipita pale bado naona ukutani ule mraba mweupe bango lilipokuwa.

Sikuibiwa, dada. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyesaini ukurasa wa mwisho bila kusoma wa tisa.

WakiliWaMtaani

Pole kaka. Wengi hawajui kwamba Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Kule Marekani muuzaji analazimika kukupa hati ya maelezo siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote, na ndani mna kesi zake, ada zote, na orodha ya waliofungua na waliofunga. Hapa kwetu unalindwa na mkataba wako basi, pamoja na sheria za kawaida za mikataba na za alama za biashara. Kisichoandikwa hakipo.

MamaPacha, kabla ya hiyo 200,000, fanya utafutaji wa nembo pale KIPI, ofisi ya serikali inayosajili nembo za biashara. Usajili wa nembo ni wa miaka 10, na unaweza kuhuishwa. Hakikisha imesajiliwa, na kwa jina la kampuni hiyohiyo inayokuuzia. Unaweza kulipia ada ya jina ambalo mwenyewe hana.

Pili, mkataba wa chapa ni miaka 3 lakini wa duka ni miaka 5 na miezi 3. Wenye majumba wanaupenda muda huo kwa sababu unawatoa kwenye ile sheria inayomlinda mpangaji wa duka mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Sasa chapa ikikataa kuongeza, utabaki na miaka miwili na zaidi ya kodi ya duka lenye jiko la kuku ambalo hulitumii. Ama chapa ikupe miaka 5, ama mwenye jumba akupe kifungu cha kutoka mapema.

Tatu, ukilipa mrabaha kwa mkaazi wa Kenya unatakiwa kukata asilimia 5 ya malipo hayo kama kodi ya zuio uipeleke KRA. Akiwa si mkaazi ni asilimia 20. Usipokata, KRA wanakuja kwako.

Jirani_wa_Githurai

Na kwa hayo ya kununua kwao tu, hata chapa kubwa nazo zinabanwa. Mnakumbuka Januari 2022, KFC Nairobi walikosa chipsi? Meli zilichelewa, na viazi vyao lazima vitoke kwa msambazaji aliyepitishwa. Nyandarua wakulima wana viazi mpaka vinaota, watu wanatukana mtandaoni, tawi haliwezi kununua gunia. Hiyo ni chapa ya dunia nzima.

Kasuku_Mweupe

Ungekuwa wewe ungetuma boda Wakulima Market na dakika arobaini viazi vimefika.

Shosh_wa_Embakasi

Mbona mnamvunja moyo binti wa watu. Mimi nina franchaizi mbili za mikate na keki, mwaka wa sita sasa. Nilikuwa mwalimu, sikujua hata kupima unga. Walinifunza wiki tano, wakaleta mtu akakaa nami mwezi mzima. Siku ya kufungua foleni ilitoka nje mlango na sikuwa nimebandika hata karatasi moja. Hilo jina ningelijenga kwa miaka mingapi?

Ila nilifanya hivi: nilikataa orodha ya matawi waliyonipa kutembelea, maana hao ni wale wanaofanya vizuri. Nikaenda nisipotumwa. Mama mmoja wa Kayole akaniambia ukweli wote tukinywa chai. Na mimi mwenyewe nashinda dukani. Ukidhani utamwachia mpwa wako halafu usubiri M-Pesa jioni, afadhali hati za hazina.

HesabuZaBuruburu

Shosh umenena. Niongeze tu kwamba hata Carrefour ni jina la kuazima: wanaoliendesha hapa tangu 2016 ni Majid Al Futtaim wa Dubai, jina lenyewe ni la Wafaransa. Na kule Jordan mwishoni mwa 2024 walibandua Carrefour wakaweka jina lao, HyperMax. Mkubwa anaweza kubadilisha bango na wateja wakafuata. Mwenye tawi moja hana ubavu huo.

MamaPacha

Nimerudi. Asanteni sana, Mungu awabariki, hata wewe Kasuku.

200,000 sijalipa. Nilifanya kitu kimoja ambacho mume wangu amecheka mpaka akakohoa. Jumanne nilienda tawi lao la Donholm walipofungua tu, nikanunua soda, nikaweka risiti. Usiku kabla hawajafunga nikarudi nikanunua chipsi, nikaweka risiti nyingine. Nikatoa namba ya risiti ndogo kwenye kubwa nijue wateja wa siku: 97. Jumamosi nikarudia, 168.

Nilikaa pia mezani saa nzima ya mchana nikiangalia wanachonunua. Siku ya kazi wengi ni chipsi na kipande kimoja, nikakadiria 340 kwa mtu. Jumamosi familia zinakuja, 400. Inatoka kama 33,000 siku za kazi na 67,000 wikendi, kwa hivyo wastani wa wiki ni kama 42,700 kwa siku.

WakiliWaMtaani

Una hakika wana mashine moja tu ya risiti? Na wateja wa apu?

MamaPacha

Mashine ni moja, niliangalia. Oda za apu zinatolewa risiti hapohapo, niliona waendesha boda wakibandikiwa kwenye mifuko. Kwa hiyo kijana hakunidanganya kuhusu Donholm. Lakini Donholm hiyo iko njiani mwa watu wanaotoka kazini, na ina miaka minne.

Nilimpelekea maswali manne kwa barua pepe. Eneo la peke yangu: wamekubali kilomita moja na nusu. Mrabaha juu ya mauzo bila VAT: wamekubali, baada ya kuvutana. Miaka 5 badala ya 3: wanasema wakurugenzi watakaa. Orodha ya matawi yaliyofungwa na namba za waliokuwa wenyewe: wamekataa, eti ni siri ya kampuni.

Mkimbizi_wa_Thika_Road

Hiyo ya nne ndiyo jibu la kweli ulilopewa. Watafute hao watu. Uliza wenye maduka jirani ya mahali palipofungwa, wanajua kila kitu.

Shosh_wa_Embakasi

Na Utawala je? Umehesabu Utawala?

MamaPacha

Shosh, Jumatano na Alhamisi nilikaa Benedicta kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Watu wanashuka wengi mno, lakini wengi wanapitia kwa mama wa chipsi wa kibanda, ambaye anauza pakiti kwa 100 na wanamwita kwa jina. Yeye halipi mrabaha kwa mtu. Jumamosi hii narudi na mume wangu, yeye ahesabu upande wa pili wa barabara.

Halafu, Ijumaa ilipita. Yule mtu mwingine aliyekuwa anaivizia Utawala hajaonekana. Jumatatu asubuhi kijana alinipigia, ada ya kuingia imeshuka mpaka 500,000.