Mjadala: Karatasi ya mahudhurio ndiyo kushirikishwa kwenyewe?

Mkaazi wa Bondeni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nna jambo limenikaa rohoni tangu masika, nalileta hapa tulijadili bila ya kutukanana.

Jumamosi moja mvua hazijaanza tuliitwa uwanja wa skuli. Wamekuja watu wa mradi wa mtaro, tukaambiwa, na kila nyumba itoe mtu. Tukafika kama arobaini hivi. Turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa. Mhandisi, kijana tu, mpole, akatundika ramani ubaoni akatuonyesha mstari wa buluu: mtaro utaanzia hapa, utakunja kona hapa, utatokea kule chini. Dakika ishirini kamaliza.

Bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa mtaa ule ule, akanyanyua mkono. "Mwanangu, hapo unapokunja ndipo maji yanapolala. Zamani palikuwa na kidimbwi, sie tukifulia hapo. Kimefukiwa kwa vifusi ndo zikajengwa hizo nyumba." Mhandisi akasema ahsante mama, tumeipokea. Kalamu yake ilikuwa mfukoni na ikabaki mfukoni. Halafu ikapitishwa karatasi: jina, simu, sahihi. Ukishasaini unapewa nauli. Tulisaini sote, na mie nlikuwa wa kumi na saba.

Masika yalipoingia mtaro ulikuwa umeshafika kwenye kona ile ile. Kwangu maji yaliingia saa nane za usiku. Nlijua kwa ndara: nliteremsha mguu kitandani kuzitafuta, nikaikuta moja inaelea. Kulipokucha nikachora alama ukutani kwa mkaa pale maji yalipokomea, chini kidogo ya goti langu. Ukuta wa kona ulikuwa umekaa chini na kupasuka, na maji yote ya juu yakageukia kwetu. Karo la choo la jirani limefumuka. Kisima tunachochota wote kipo hatua kumi na mbili kutoka kwenye karo hilo.

Tukaenda ofisi inayohusika (siitaji, sitaki maneno). Bwana mmoja akafungua faili, akatutolea ile karatasi. "Mlishirikishwa. Sahihi zenu si hizi?"

Nauliza sasa: kuwapo mkutanoni ndiyo kukubali? Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 9, inataka wananchi washiriki katika shughuli za serikali yao. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015, na tathmini ya athari za mazingira ni jambo linalojulikana. Kwenye karatasi hatuna upungufu. Ninavyoona mie, karatasi ya nauli iwe mbali na karatasi ya maoni. Pingamizi la mtu liandikwe kwa maneno yake, na lipate jibu la maandishi kabla mkandarasi hajachimba. Hata jibu likiwa "hapana, kwa sababu hii na hii", nalikubali. Kinachoniuma ni ile "tumeipokea".

Fundi Mstaafu

Waalaykum salaam. Pole kwa maji, nasema kwa dhati. Lakini na mie nimeishi kwenye mitaro zaidi ya miaka thelathini, niache niseme upande wangu.

Maji hayapigi kura. Yanakwenda bondeni, ukiwa umeyashirikisha au hukuyashirikisha. Kazi moja tulibishana na wakaazi miezi minne. Kila mmoja anautaka mtaro, na kila mmoja anataka upite kwa jirani. Mwenye ukuta hataki uguswe, mwenye mwembe hataki ukatwe, mwenye duka anataka fidia ya duka ambalo halikuwapo tulipopima. Mwisho tuliukunja mtaro mara tatu kuwaridhisha. Mtaro wenye kona tatu unakusanya mchanga kila kona, na mvua ya kwanza tu ukafurika. Nani akalaumiwa? Fundi.

Jengine. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 ni 893,169. Laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, wamejenga wapi? Wengi mabondeni, maana ndiko kiwanja rahisi. Majina ya mitaa yetu yenyewe yanasema, Ziwani, Bondeni, halafu mtu anashangaa kuona maji. Umejiita Mkaazi wa Bondeni, bwana wee!

Na huo mradi mkubwa wa huduma za mijini, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2011, ulileta mitaro ya maana. Nendeni mkaitazame leo. Pampasi, makumbi ya madafu, chupa. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Zanzibar tangu 2006, miaka 13 kabla ya Bara, na mtaroni nnaiona mpaka leo. Huo nao si ushiriki?

Mkopo una tarehe ya kufungwa. Ukisubiri kila pingamizi lijibiwe kwa barua, tarehe itapita, pesa zitarudi, na utabaki na kidimbwi chako.

Muuza Juisi

Mie sina mengi. Kila kipindupindu kikiingia mjini, wa kwanza kufungiwa ni sie. Juisi marufuku, vyakula vya barabarani marufuku. Sikatai, roho za watu muhimu kuliko miwa yangu. Lakini hajapata kuja mtu kuniuliza: bibi, barafu unanunua wapi?

Kwa sababu sie tunajua. Tunajua ipi imegandishwa kwa maji ya bomba na ipi kwa maji ya kisima, ukiinusa tu ikianza kuyayuka unaijua. Wangetukalisha watu sita tu wa biashara hii, kwa saa moja, wangeondoka na majina ya mitaa. Badala yake wanafunga gilasi, wanaiacha barafu. Ile ile barafu inakwenda kwa wauza samaki na kwenye harusi.

Mtu wa Chake

Nyinyi wa Unguja mnalalamika mmeitwa mkamaliza kwa nauli. Huku kwetu Pemba mtaalamu anashuka boti asubuhi, anapiga picha bahari ilivyoingia kwenye mashamba ya mpunga, alasiri keshaondoka. Mkulima kajenga tuta la udongo kwa mikono yake, na mwanamke kapanda mikoko topeni mpaka kiunoni. Ripoti ikija wameandikwa "walengwa". Mlengwa ni mtu wa kupigwa mshale.

Ila nataka tuseme la wazi ambalo Mkaazi kalizunguka. Anayeitisha mkutano ni sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani. Sheha hachaguliwi na wanashehia, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Wapo masheha wazuri, wangu mmoja wao. Lakini mtu aliyewekwa na wa juu, siku ya kugombana na wa juu kwa ajili ya kona ya mtaro, atasimama wapi? Na nyote mnajua wapo watu hawendi mkutano wa sheha hata uwe wa mbu, kwa sababu za miaka na miaka ambazo hazihusiani na mbu. Sauti zao hazimo kwenye karatasi yoyote.

Fundi Mstaafu

Mtu wa Chake, diwani anachaguliwa. Mara ya mwisho kumuona diwani wako mtaroni lini?

Mtu wa Chake

Hilo umenifunga mzee wangu.

Mhudumu wa Kujitolea

Nafanya kazi za afya ya jamii, nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nazungumza la kwangu.

Kipindupindu Zanzibar kimeandikwa tangu 1978, kilianza kwenye kijiji cha wavuvi, watu 411 wakaugua na 51 wakafa. Hakijatuacha tangu hapo, kinakwenda kinarudi, na mara nyingi kinarudi na mvua. Njia yake ndiyo aliyoieleza Mkaazi: mvua inanyanyua kilichomo karoni, kinaingia kisimani.

Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa, dozi mbili, katika maeneo sita ya Unguja na Pemba. Waliokamilisha ni kama nusu tu ya waliolengwa, watu 23,921 kati ya 48,178. Kwa hiyo nusu nzima ya watu hawakumaliza, na ukipita majumbani unajua kwa nini hutokea hivyo: mume hakuambiwa, siku ya pili ilikuwa ya msiba, mtu kasikia uvumi barazani. Mambo ambayo ungeyajua mapema kama ungeuliza. Lakini chanjo ile ilifanya kazi, na watafiti wakaona hata wasiokunywa walikingika kwa sababu majirani zao wamekunywa.

Hapo ndipo nnapoona Fundi ana haki yake. Chanjo, nusu wakikubali inawasaidia na nusu nyengine. Mtaro ni kinyume: mmoja akikataa, mia wanafurika. Ridhaa ya kila mtu hatuwezi kuipata. Taarifa ya kila mtu tunaiweza, na ni kitu chengine.

Kijana wa Ramani

Nyongeza fupi. Mwaka 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kwa droni, na vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, walikuwamo kazini. Ramani nzuri sana, paa la kila nyumba unaliona. Ila droni inaona paa, haioni kidimbwi kilichofukiwa zamani. Dar es Salaam tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulifanya kwa miguu: wanafunzi na wenyeji walipita mitaani kuchora mitaro na kuuliza maji hufika wapi. Ukiziweka pamoja hizo mbili, ya juu na ya chini, unapata kitu.

Na tusijidharau. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, wa ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, uliwakalisha wakaazi wakasema wanautaka mji gani. Kwa hiyo kuuliza tunajua. Tunachoshindwa ni ile siku ya pili, pale jibu la mwananchi linapogombana na mchoro uliokwisha kulipiwa.

Muuza Juisi

Na watu wa Kibele nao waliulizwa? Taka zetu zote za mjini zinapelekwa kwao. Hapa tunazungumza kama sie tu ndo wananchi.

Mkaazi wa Bondeni

Bibi wa juisi kanigusa, sina jibu.

Mzee Fundi, nimekusoma mara mbili. La mabondeni ni kweli, na kiwanja changu nlikinunua kiangazi, pakavu, mbele ya mashahidi, karatasi ikapigwa muhuri. Hakuna aliyenambia pale hapajengwi. Kama kuna pahala ningependa kushirikishwa, ni siku ile.

Na niseme jengine kabla hajalisema mwengine. Wiki iliyopita nilizunguka nyuma ya nyumba na yule bi mkubwa. Akanionyesha njia ya zamani ya maji, yaliyokuwa yakitoka kidimbwini kwenda chini. Inapita chini ya ukuta wangu wa uani, ule nlioujenga mwaka wa tatu baada ya kuhamia. Akanambia, "Nilikuona unajenga, nikasema mwenyewe anajua." Na mie nlikuwa sijui, wala sikuuliza. Basi hiyo ni sehemu yangu.

Lakini la mkopo silikubali. Tarehe ya kufunga mkopo inajulikana siku unaposainiwa. Sie tuliitwa mwishoni, mchoro umeshachorwa, ndiyo maana kila swali linaonekana linachelewesha. Bi mkubwa yule hakuomba kupiga kura. Alitoa habari, bure, dakika moja. Ukuta wa kona uliopasuka umegharimu kiasi gani kuujenga tena?

Fundi Mstaafu

Nataka nikujibu vizuri. Upimaji wetu unasoma uso wa ardhi. Kifaa kinakwambia hapa juu, hapa chini. Hakikwambii chini ya mchanga huu kuna vifusi na matope ya kidimbwi. Ili ujue hilo lazima uchimbe mashimo ya majaribio, na mashimo ni pesa, kwa hiyo unachimba machache, unabahatisha wapi. Ukijengea ukuta juu ya udongo wa kujaza, unakaa chini, unapasuka. Yule mama alikuwa anamwambia kijana achimbe wapi. Ningekuwa mie ningemfuata na jembe siku ile ile. Au labda nasema hivyo kwa sababu nimestaafu na sina bosi anayenisubiri.

Kuhusu barua ya jibu kwa kila pingamizi bado sikubaliani na wewe. Utapata barua mia mbili za "tumeipokea", tena zenye muhuri.

Mtu wa Chake

Hahaha. Hilo kweli.

Mhudumu wa Kujitolea

Kisima kile mmekitia dawa? Msinywe bila ya kuchemsha. Nasema tu.

Mkaazi wa Bondeni

Kimetiwa klorini, ahsante. Kuna mkutano mwengine umetangazwa, wa kutengeneza kona. Nimemuuliza bi mkubwa kama atakwenda. Kasema atakwenda, ila hasaini, na nauli wampe hivyo hivyo.

Fundi Mstaafu

Na mie ntakuja, nikae nyuma. Ile alama ya mkaa usiifute, na ukutani usipake chokaa. Tafuta majirani watatu wanne na wao wachore walipoona maji yalikomea, kila mtu kwake, bila ya kutazamiana. Ntakuja na mpira wa maji wa kupimia usawa, tuzilinganishe. Kama zote zimesimama usawa mmoja, hiyo ndo ramani ya kumpelekea kijana.